Wanalima Nini Hapo?

Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mto Stour, pale Flatford, mpakani mwa Suffolk na Essex huko Uingereza, simu nimeinyanyua kama mtu anayetafuta mtandao. Jumapili ya Julai, saa nane mchana. Mama alikuwa Lushoto, milimani Usambara, Tanzania, kwake saa kumi, kajitanda khanga mbili juu ya sweta kwa baridi ya huko, uso umejaa kioo kizima.

Nikageuza kamera. Nikamwonyesha maji yaliyotulia, nyumba nyeupe ya kale yenye paa la vigae vyekundu, miti iliyoinamia mto, na ng'ambo uwanda wa kijani unaopanda taratibu mpaka unagusa mawingu. Nilikuwa nimeingoja siku ile kwa miezi. Nikakaa kimya ili naye aone kwa nafasi.

Mama akatazama. Akasogeza simu karibu na macho, nikaona nyusi tu. Kisha akauliza:

"Wanalima nini hapo?"

Nikamwambia sijui, mama.

"Hujauliza?"

Tukahamia mambo mengine, bei ya mbolea, mtoto wa shangazi aliyepata kazi Tanga. Lakini swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo zamu wiki baada ya wiki. Nilikuwa nimepanda treni na kutembea kwa miguu kwenda kutazama ardhi, nikasimama mbele yake zaidi ya saa moja, na jambo la kwanza ambalo mtu wa kwetu angetaka kulijua halikunipitia akilini hata kidogo.

Bibi wa Jumatano

Nafanya kazi kwenye makao ya wazee mjini Colchester, huu mwaka wa sita. Jumatano jioni nikiwa zamu nilikuwa nakaa na bibi mmoja aliyelipenda sana shindano la wachoraji wa mandhari linalorushwa na runinga ya Sky Arts. Wachoraji wanane huwekwa kwenye vibanda vilivyo wazi mbele, wakapewa saa nne wachore kinachoonekana mbele yao, iwe kasri, gati la bandari au bustani. Pembeni, nyasini, kuna wengine hamsini waliokuja na vifaa vyao kujaribu bahati. Mvua ikinyesha, inawanyeshea. Jua likihama, kivuli ulichokichora asubuhi kimeshaondoka, na uamuzi ni wako: ufuate jua au ushikilie ulichokiona kwanza.

Macho ya yule bibi yalikuwa yamefifia katikati, anaona pembeni tu. Kwa hiyo alitaka nimsimulie. Mwanzoni nilimwambia kuna mto, kuna miti, kuna nyumba. Alinyamaza akingoja. Halafu akaanza: miti gani? Mawingu yako juu au yamekalia vilele? Upepo unatoka wapi?

Sikuwahi kuulizwa maswali hayo na mtu yeyote.

Nikaanza kujifunza kutazama ili niweze kumjibu. Baada ya wiki kama tatu nilikuwa namwambia mti wa kushoto umegeuza majani, upande wa chini unaonekana mweupe, basi upepo unatoka mashariki. Nikagundua kwamba kijani kina watoto wengi. Kiswahili kinakiita rangi ya majani, na ni haki yake, maana majani ya mgomba si majani ya chai, na ya chai asubuhi yenye umande si ya chai saa sita.

Nimekulia Lushoto. Watu hutoka Ulaya kuja kusimama kwenye jabali la Irente watazame nyika iliyo chini, huko Mazinde na kuendelea. Tukiwa watoto tuliona magari yao yakipita, na siku moja nilimuuliza mama wanakwenda kufanya nini kule. Akasema wanatazama bonde.

"Bonde limefanya nini?"

Hakuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa nalo. Kwetu mtu anayesimama akitazama mteremko ana sababu: anaangalia mvua inakotoka, au mbuzi wa nani kaingia kwenye mahindi.

Ndiyo maana nasema runinga ilinifanyia jambo kubwa, na sitaki kulibeza. Nilikuwa nimeishi Uingereza miaka yote ile bila kuiona. Kazi, duka, basi, kitanda. Kipindi kilinionyesha kwamba nje ya madirisha ya basi kuna nchi, na kwamba mtu anaweza kuipa saa nne za maisha yake bila kudai chochote kutoka kwake. Jumatano moja bibi aliniambia, kama unapenda hivi, kwa nini huendi Flatford? Ndiko alikochora Constable, yule mchoraji wa mandhari wa zamani, na ni dakika chache tu kwa treni. Yeye alikwenda na mumewe wangali vijana, wakakodi mtumbwi.

Kwenda kwa miguu

Unashuka Manningtree, unafuata njia ya mto kama kilomita tatu. Ng'ombe wametawanyika malishoni, wanene, hawana mchungaji. Nilipofika nilikuta watu wengi kuliko nilivyotegemea, mkahawa, mitumbwi ya kukodi, na kina baba wakiwapanga watoto wao mbele ya bwawa la kinu cha maji cha kusagia nafaka.

Picha iliyotuleta sote pale John Constable aliimaliza mwaka 1821. Waingereza wameibandika kwenye makopo ya biskuti, kalenda na trei za chai kiasi kwamba wengi wanaijua kabla ya kulijua jina lake, The Hay Wain. Gari la farasi limeingia majini, nyumba nyeupe iko kushoto, mbwa yuko ukingoni, mawingu yamejaa. Nyumba ile bado ipo. Alikaa humo mkulima aitwaye Willy Lott, na husimuliwa kwamba katika miaka yake zaidi ya 80 alilala nje ya nyumba hiyo siku nne tu.

Watu walikuwa wanainua simu zenye picha ile na kuilinganisha na kilicho mbele yao. Nami nikafanya hivyo hivyo. Nyumba sawa, maji sawa, ila upande wa kulia, ambako kwenye picha uwanda umefunguka, mimi niliona miti tu. Nikaridhika. Nikamwita mama kwa video.

Mengine mmeshayasikia.

Gari ni tupu

Wiki ya pili, mwiba ukiwa bado kooni, nikamtumia mama picha yenyewe ya Constable. Nikaandika: hapa ndipo nilipokuwa, ilichorwa miaka 200 iliyopita.

Jibu lilikuja usiku kwa ujumbe wa sauti, kuku wakisikika nyuma yake. Alikuwa ameikuza picha kwa vidole, kipande kwa kipande, kama anavyochambua maharage.

"Baba, hilo gari ni tupu. Linaenda kuchukua, halijarudi. Na wanaokata wako kule mbali, weupe weupe, umewaona? Chini ya miti. Halafu kuna mwanamke kainama majini hapo nyumbani. Sasa hilo gari mbona wameliingiza mtoni?"

Sikuwa nimewaona.

Nimeitazama picha ile kwenye trei ya chai ya makao yetu mara ngapi? Nilikuwa nikiita ni picha ya utulivu. Nikaikuza nami, na kweli, mbali upande wa kulia, ambako mimi niliona miti tu, kuna watu wadogo kama punje za mchele wenye mashati meupe wanaovuna nyasi. Gari lenye farasi watatu linavuka kwenda kwao. Hiyo ni siku ya kazi, katikati ya mavuno ya malisho, mchana. Jina la kwanza alilolipa Constable alipoionyesha Royal Academy, chuo cha wasanii London, lilikuwa Landscape: Noon. Mchana. Haikununuliwa mwaka ule. Sifa yake kubwa ilikuja baadaye Paris, ilipopewa nishani ya dhahabu mwaka 1824.

Kuhusu gari kuingia mtoni nilimweleza mama nilichosoma: njia ya kwenda malishoni ilipita majini, lakini wapo pia wanaosema siku za joto mbao za magurudumu hukauka na kusinyaa, ringi za chuma zikalegea, kwa hiyo gari likiloweshwa mbao huvimba zikabana.

"Aa," mama akasema, "kama jembe."

Kama jembe. Mpini ukicheza unalitumbukiza jembe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi limekaza. Nimelifanya hilo mara elfu kwa mikono yangu mwenyewe. Wakati ule ule nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mapumziko ya zamu, nikiwa na sare na kitambulisho shingoni, nilisikia uzito wa ndoo ile mkononi, na ubaridi wa mpini uliolowa.

Constable alikuwa mtoto wa kazi hizo. Alizaliwa mwaka 1776 East Bergholt, kijiji cha jirani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Vinu vya Flatford na Dedham vilikuwa vyake, na alikuwa na chombo chake cha kupeleka mzigo London kutoka Mistley. Kijana mwenyewe alifanya kazi kwenye biashara hiyo kabla ya kwenda kusomea uchoraji. Mdogo wake Abram, aliyebaki kuendesha vinu, alisema kwamba akikiona kinu kilichochorwa na John anajua kitazunguka, na kwamba vinu vya wachoraji wengine si vyote vingezunguka. Sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa mchoraji. Naye Constable, katika barua ya mwaka 1821 kwa rafiki yake John Fisher, anataja vitu anavyovipenda: sauti ya maji yanayotoroka kwenye mabwawa ya vinu, miti ya willow, mbao kuukuu zilizooza, nguzo zenye utelezi, kuta za matofali.

Nimeisoma orodha ile mara nyingi. Hivyo ni vitu vya mtu anayejua ni ubao gani utavunjika ukiukanyaga.

Miganda na aliyeifunga

Hapo nikaanza kuwa na wasiwasi na runinga yangu niipendayo. Kamera inapaa juu ya mashamba, kinanda kinapigwa, majaji wanazungumza kuhusu mwanga na mpangilio. Saa nne zinakimbizwa mbele hadi mawingu yanaruka kama kondoo. Nilijaribu kukumbuka kipindi ambacho mtu alimuuliza mchoraji shamba alilolichora limepandwa nini. Sikumbuki hata kimoja. Nami niliyekuwa nikimsimulia bibi kila kitu sikuwahi kumwambia hilo, na yeye hakuniuliza.

Lakini runinga hiyo hiyo iliwahi kuuliza. Mwaka 1972 BBC ilirusha vipindi vinne vya mwandishi John Berger kuhusu namna tunavyotazama picha. Katika kimojawapo aliizungumzia picha ya Bwana na Bibi Andrews, iliyochorwa na mchoraji Gainsborough mnamo 1750. Gainsborough alizaliwa Sudbury, juu kidogo ya mto huo huo wa Stour. Mume kashika bunduki, mke kakaa kwenye benchi na gauni la buluu, nyuma yao nchi imetandazwa kama mkeka. Berger alisema hawa si watu wawili tu wanaofurahia maumbile. Ni wenye ardhi, na umiliki unaonekana katika namna walivyosimama.

Mimi niliangalia kwingine. Kulia kwao ngano imevunwa na kufungwa miganda, imesimamishwa safi kabisa. Aliyeifunga hayumo. Hakuna hata kofia yake.

Kwa Constable angalau wapo, wadogo. Na udogo wao una habari yake. Mwaka 1816, na tena 1822, vibarua wa Suffolk na majirani zao waliokuwa na njaa walivunja mashine za kupuria nafaka na kuchoma mali. Ardhi ya wazi ya East Bergholt, iliyokuwa ikitumiwa na wanakijiji, iligawiwa na kuzungushiwa uzio mwaka 1817. Picha ya mwaka 1821 imekaa katikati ya hayo yote, imetulia. Constable hakuwa upande wa vibarua. Alikuwa mtu wa wenye mali na aliogopa mageuzi. Nimejaribu kumsamehe hilo na sijafika mwisho. Alijua jasho lile, akaliweka mbali, chini ya miti, kimo cha punje ya mchele.

Na mimi je? Miteremko ya Usambara ambayo wageni huipiga picha kwa mistari yake mizuri ina habari yake pia. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta milimani, kwa amri na faini, kazi ya kuvunja mgongo, na wengi wa waliochimba walikuwa wanawake. Watu walikataa, mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akilitamka neno "matuta" kwa sauti ambayo hakuitumia kwa neno lingine lolote. Mgeni akisimama juu akasema pazuri, hasemi uongo. Ni pazuri. Bibi yangu naye asingesema uongo.

Kwa siku kadhaa nilifikiri niache kwenda kutembea mashambani. Nilihisi kama mtu aliyekaribishwa chakula akala bila kuuliza nani kapika. Jumatano ikafika, nikawasha runinga, na bibi akauliza upepo unatoka wapi, nikamwambia. Sikuweza kuacha. Kitu kilichofunguliwa machoni mwangu hakikukubali kufungwa.

Aliyetuma mtu nyumbani

Kilichonigeuza ni jambo dogo ambalo waandishi wa sanaa hulipita kwa mstari mmoja.

Picha ile haikuchorwa Flatford. Ilichorwa London. Constable alikuwa ameshahamia mjini, ana mke na watoto, na turubai lenyewe, karibu mita mbili kwa upana, lilikuwa ndani ya chumba. Alikuwa na michoro yake ya miaka ya nyuma kwa ajili ya maji, nyumba na miti. Alipofika kwenye gari akakwama. Hakukumbuka sawasawa gari la mavuno la Suffolk limeundwaje. Basi habari zikapelekwa nyumbani kwa Abram, na kijana wa kijijini, John Dunthorne mdogo, akalichora gari, mchoro ukatumwa London.

Nilisoma hayo ndani ya basi nikapitiliza kituo changu.

Kwa hiyo alikuwa ameondoka. Alikuwa mjini, katika nchi yake lakini mbali na kwao, akiulizia nyumbani mambo ambayo kila mtoto wa kijiji anayajua, kwa sababu yameanza kumtoka kichwani. Gari tupu aliloliona mama limetoka katika swali kama la mama, lililosafiri kwa barua. Hakuridhika kuchora kitu kinachofanana na gari. Alitaka lile ambalo Abram angelitazama na kusema hili litatembea.

Na mimi jembe limenitoka miaka sita, hadi mama aliponirudishia.

Shayiri

Nilirudi mwezi Agosti. Safari hii sikukaa bwawani. Nilipanda njia ya kwenda East Bergholt, na juu, penye mashamba, nikamkuta mzee mmoja kafungua lango la chuma anafunga kamba ya mbwa. Nilimsalimu, nikamuuliza shamba hili limepandwa nini. Alinitazama kwa muda, nadhani hakuna mtembeaji aliyewahi kumuuliza, halafu uso ukamfunguka. Shayiri, akasema. Imevunwa wiki iliyopita. Akang'oa suke lililobaki ukingoni, akalisugua viganjani, akapuliza makapi, akanipa punje. Zilikuwa nyembamba, ngumu, rangi ya mkeka mpya. Nikatafuna moja: unga kidogo, utamu kidogo, kama mtama mkavu. Akaniambia nyingi huku hulimwa kwa ajili ya kimea cha bia, na akanionyesha kwa fimbo uelekeo wa Mistley, zilikokuwa nyumba kubwa za kukaushia kimea. Mistley ile ile ya chombo cha mzee Constable.

Kule chini mtoni, akasema, hapalimiki. Mafuriko. Ni malisho ya ng'ombe na nyasi za kukata. Ni vile vile vya kwenye picha.

Jioni nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba, nikamwambia moja kwa moja: bondeni ni nyasi za ng'ombe, juu ni shayiri.

"Shayiri ya uji?"

"Ya bia, mama."

Akaguna. "Haya. Na mbolea wanatia gani?"

Hilo sijauliza bado.

Bibi nilimpelekea punje tatu ndani ya karatasi ya leso. Alizisikiliza kwa ncha za vidole, akazinusa, akasema shayiri kabla sijamwambia.

Nikamwomba mama naye anitumie video ya kwetu, atembee tu na simu, anionyeshe mandhari. Akasema mandhari ya nini, nataka kuona nini hasa. Nikasema chochote. Akanitumia dakika tatu. Dakika mbili za kwanza ni kabichi, kwa karibu sana, jani lililotobolewa na viwavi, kidole chake kikionyesha tundu, kisha jingine. Halafu akainua simu, na bonde lote likaingia kwa mkupuo, ukungu umekaa chini, miteremko imepanda juu yake, mistari yote ile. Simu inatetemeka kidogo kwa upepo wa kusini. Sauti yake iko karibu na kipaza:

"Pale viazi, kwa mama Shemkala. Pale karoti, vijana wamekodi. Yule anayeinama unamwona, ni mkwe wa mwalimu, anapalilia. Chini ni maharage, yamepata maji. Na pale penye majani marefu hapajalimwa mwaka huu. Mwenyewe anaumwa."